Kati ya Wangapi?



Nianze na mgeni aliyetubishia hodi Agosti ya mwaka 2019. Alivaa fulana ya sensa, mkononi ana tableti. Aliniuliza majina ya waliolala kwangu usiku wa tarehe 24. Akauliza paa letu ni la nini, maji twayatoa wapi, choo ni cha aina gani, tunafuga kuku wangapi. Akauliza dini, akauliza na kabila. Nilimjibu yote kwa moyo mkunjufu, maana mimi ni mwalimu wa hesabu na napenda nchi inayojihesabu.

Hesabu ilipotoka, Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Kisauni peke yake watu 291,930, Likoni 250,358, Changamwe 131,882. Kenya nzima Waislamu walikuwa zaidi kidogo ya milioni 5, kama 11 katika kila 100. Kila kabila likapewa mstari wake. Kwa ufupi, serikali yatujua sisi ni nani na tunakaa wapi.

Sasa geuza upande wa pili. Kijana akikamatwa leo kwenye msako pale Mtopanga, au Timbwani, au Chaani, akalala seli, akapelekwa mahakamani Shanzu au mjini, akakosa pesa za dhamana, akaishia rumande Shimo la Tewa, naye atahesabiwa. Takwimu za magereza hutolewa kila mwaka: waume wangapi, wake wangapi, umri gani, kosa gani, kifungo cha muda gani. Lakini ukitaka kujua ni wa dini gani, kabila gani, mtaa gani, na kama anakamatwa zaidi kuliko jirani yake wa kabila jingine aliyefanya jambo lile lile, hesabu hiyo hailetwi mbele yako. Yaliyoandikwa daftarini kituoni yanabaki daftarini.

Mtu ataniambia, mwalimu, kuhesabu watu kwa kabila ni hatari, tutachochea chuki. Ningekubaliana naye kama nchi hii ingekuwa haihesabu makabila. Yahesabu! Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, kifungu cha 7, inakataza taasisi yoyote ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Huwezi kutekeleza sheria hiyo bila kuhesabu, na tume iliyoundwa na sheria hiyo, NCIC, imekwenda wizara kwa wizara ikihesabu. Kwa hiyo twajua ni nani aliyepata kiti ofisini. Aliyepata sakafu ya seli ndiye hatumjui.

Hilo ndilo linalonikera, na nitawaeleza lilivyonianza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafundisha shule moja ya upili huko Changamwe. Jioni moja nimesimama stejini nasubiri matatu, likaja lori la polisi. Sikuuliza kosa langu, sikuambiwa. Tulipandishwa. Kando yangu alikaa mzee muuza kahawa, birika lake amelipakata kama mtoto. Alinitambua.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe wafundisha hesabu. Humu tu wangapi?"

Nikahesabu. Tulikuwa 14.

"Na wenye kofia na kanzu, na wenye majina kama yangu?"

Nikatazama, nikauliza majina pole pole. Walikuwa 11.

"Na hapo stejini tulipokuwa, watu walikuwa wangapi, na wa aina gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa natazama matatu, sikuwa natazama watu. Yule mzee akatikisa kichwa, akasema, "Basi hesabu yako ni nusu."

Tuliachiliwa kabla ya saa sita usiku, wengine wetu. Lakini maneno yake yalinifuata mpaka darasani. Kumi na mmoja kati ya 14 ni karibu 79 kwa 100. Inatisha ukiisikia. Lakini kama stejini pale watu 79 kwa 100 walikuwa wa namna ile ile, basi lori liliwazoa watu kama walivyo. Na kama walikuwa 30 kwa 100, basi mtu alichagua. Namba ya juu peke yake haisemi kitu mpaka uweke namba ya chini. Mzee ambaye nadhani hakupita darasa la nne aliliona jambo ambalo mawakili hulipia wataalamu pesa nyingi walieleze kortini.

Maana wataalamu hao wapo. Huko Marekani, jimbo la New Jersey, kuna barabara kuu ambapo madereva weusi walilalamika miaka na miaka kwamba polisi huwasimamisha kwa rangi yao. Polisi wakisema, sisi twasimamisha wavunja sheria tu. Miaka ya 1990 wakili mmoja akamwita John Lamberth wa Chuo Kikuu cha Temple. Alichofanya Lamberth ni kile alichonitaka yule muuza kahawa nikifanye. Aliweka watu kando ya barabara wahesabu magari yanayopita na kutazama waliomo. Kisha akaweka gari barabarani likaenda maili 60 kwa saa, palipo na kikomo cha 55, akahesabu nani analipita. Mwisho akachukua rekodi za polisi za waliosimamishwa.

Sikilizeni hesabu. Magari yenye watu weusi yalikuwa 13 na nusu katika kila 100. Katika wavunja sheria walikuwa 15. Katika waliosimamishwa walikuwa kama 35. Mwaka 1996 jaji alikubali kwamba hiyo si bahati mbaya, akatupilia mbali ushahidi uliopatikana kwa misako hiyo. Miaka mitatu baadaye jimbo lenyewe likakiri kwamba ubaguzi ule ulikuwa wa kweli.

Lakini kuna namba moja katika utafiti ule ambayo watu huipita haraka, nami nataka tukae nayo. Waliokwenda kasi kupita kikomo walikuwa zaidi ya 98 kwa 100. Yaani karibu kila mtu! Na barabara ambayo kila mtu ana kosa, askari hatafuti mkosaji. Anachagua.

Sasa rudi nyumbani. Tembea kutoka kituo cha feri Likoni mpaka sokoni. Muuza samosa hana leseni ya kaunti. Bodaboda amebeba wawili na hana kofia ngumu. Matatu imesimamisha abiria ndani. Vijana wamekaa barazani saa nne za usiku, na vifungu vya uzururaji tulivyoachiwa na Mwingereza vimetumika miaka mingi. Ni nani hapo asiyeweza kukamatwa? Uganda, vifungu vya namna hiyo vilifutwa na Mahakama ya Katiba Desemba 2022. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ilikwisha kusema Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zakiuka haki za watu. Hapa kwetu, ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliozinduliwa Januari 2017, Jaji Mkuu akiwa David Maraga, uligundua kwamba takriban 70 kwa 100 ya kesi zinazopita katika mfumo zilikuwa za makosa madogo madogo, na kwamba maskini hukamatwa, hushtakiwa na kufungwa zaidi kuliko wenye nacho. Umaskini, basi, ulipimwa. Jina la mtu, kofia yake na mtaa wake havikupimwa.

Wala tusidhani nchi hii haijawahi kuona kazi ya hesabu katika mambo ya rangi na kamba ya kunyongea. Mwanahistoria David Anderson alikaa na majalada ya mahakama maalum za wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, akahesabu Waafrika walionyongwa kwa mambo ya Mau Mau. Walikuwa 1,090. Hakukomea kwenye jumla. Aliwagawa kwa kosa: 346 kwa kuua, 472 kwa kupatikana na silaha au risasi, 210 kwa kushirikiana na wapiganaji, 62 kwa kulisha kiapo. Toa ile 346. Wanabaki 744, zaidi ya theluthi mbili, walionyongwa bila kutiwa hatiani kwa kumuua mtu yeyote. Na Mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika alikuwa Peter Poole, tarehe 18 Agosti 1960. Serikali ya kikoloni ilikuwa na majalada hayo siku zote. Yalingoja mtu wa kuyapanga safu kwa safu.

Kwa Pwani, waliojaribu kupanga safu hizo si serikali. Ni mashirika yetu ya haki za binadamu ya hapa hapa Mombasa, MUHURI na HAKI Africa. Desemba 2016 HAKI Africa ilitoa ripoti ya waliouawa na waliopotezwa Pwani tangu mwaka 2012. Kesi 81: watu 31 waliuawa nje ya sheria, 24 walichukuliwa wasionekane tena, 22 ni kesi za polisi kutumia nguvu kupita kiasi wakati wa kukamata, na 4 walikufa mikononi mwa polisi. Kila moja ina familia, ina tarehe, ina mahali.

Na mnakumbuka yaliyowakuta kabla ya hapo. Aprili 2015, baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, mashirika yote mawili yalitiwa katika orodha ya serikali ya wanaoshukiwa kuhusiana na ugaidi, na akaunti zao za benki zikafungwa. Walikwenda Mahakama Kuu hapa Mombasa. Novemba mwaka ule ule mahakama ikaamuru akaunti zifunguliwe. Miezi yote hiyo, mtu aliyepotelewa na mwanawe alikuwa anakwenda kwa watu ambao hawawezi kulipa kodi ya ofisi.

Sasa mwanatakwimu atauliza, 81 ni wote? Jibu lake analipata kwa njia ambayo mvuvi wa Mtongwe ataielewa kabla yangu. Sema unataka kujua samaki walioko kwenye bwawa. Wavue 100, wafunge uzi mwekundu mkiani, warudishe majini. Kesho uvue 50. Ukikuta 10 wana uzi, maana yake moja ya tano ya samaki wa bwawa ulikwisha kuwagusa. Bwawa lina kama 500. Basi fanya vivyo hivyo kwa majina. Orodha moja imeandikwa na shirika, nyingine na msikiti, nyingine imetoka mochari. Ukizilinganisha, majina yanayojirudia ndiyo wale samaki wenye uzi. Yakijirudia mengi, orodha zimekaribia kuwamaliza watu. Yakijirudia machache, wako wengi huko nje ambao hakuna aliyewaandika. Sharti ni kwamba orodha zisinakiliane, na ziwe zaidi ya mbili kama inawezekana.

Kwa njia hiyo Patrick Ball, mtaalamu wa takwimu, alisimama kortini Guatemala Aprili 2013 katika kesi ya Jenerali Efraín Ríos Montt, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya halaiki ya wenyeji wa Ixil. Alichukua orodha kadhaa za waliouawa, akachukua na sensa. Namba ya juu na namba ya chini. Akaonyesha kwamba kati ya Aprili 1982 na Julai 1983 jeshi liliua watu 5.5 katika kila 100 ya wenyeji asilia wa eneo lile, na 0.7 katika kila 100 ya wasio wenyeji. Mara nane! Vijiji vile vile, milima ile ile, vita vile vile. Jenerali alihukumiwa Mei 2013, na siku 10 baadaye Mahakama ya Katiba ikaifuta hukumu. Zile asilimia hazikufutwa na mtu.

Nimesema sensa. Sisi nayo tunayo. Nusu ya alichohitaji Ball hapa kwetu imekwisha kukusanywa na wale vijana wa tableti waliobisha hodi.

Lakini nisiwapake mafuta. Hesabu ya kweli humkata hata aliyeishika. Mwaka 2005 mwanahistoria Caroline Elkins aliandika kwamba huenda Wakikuyu kati ya 130,000 na 300,000 hawakuonekana katika sensa baada ya vita vya Mau Mau. Miaka miwili baadaye John Blacker, mtaalamu wa idadi ya watu aliyeifahamu sensa ya Kenya kwa ndani, alipiga hesabu upya akapata vifo vya ziada kama 50,000. Wapo waliomwona anatetea wakoloni. Mimi naona aliwasaidia waliokufa. Kwa kuwagawa kwa umri, aliona kwamba takriban nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 10. Namba kubwa ilikuwa imewafunika watoto hao. Namba sahihi ikawatoa. Kwa hiyo tukiambiwa siku moja kwamba katika kosa fulani vijana wa Kisauni hawakamatwi zaidi ya wengine, tuwe na kifua cha kukubali, twende kosa la pili.

Na iko siku hesabu itakuwa sahihi na mahakama isikubali. Profesa David Baldus alichambua zaidi ya kesi 2,000 za mauaji za jimbo la Georgia, akazingatia mambo 230 yanayoweza kubadilisha hukumu, na hesabu yake moja ikaonyesha kwamba aliyemuua mweupe alikuwa karibu na hukumu ya kifo mara 4.3 kuliko aliyemuua mweusi. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji watano kwa wanne, ikasema takwimu ya watu wote haithibitishi ubaguzi katika kesi ya mtu mmoja. Hoja ya ubaguzi ya Warren McCleskey, mshtakiwa mwenye kesi hiyo, ilikufa hapo. Aliuawa kwenye kiti cha umeme mwaka 1991. Jaji Lewis Powell, aliyeandika hukumu ile, alikuja kusema akiwa amestaafu kwamba kama angeweza kurudi nyuma angebadilisha kura yake katika kesi hiyo.

Nimepokea simu nyingi za wasikilizaji tukizungumza mambo haya, na nyingi zatoka Kisauni. Mama mmoja aliniambia, mwalimu, wewe watetea wenye mapanga. Najua anachokisema. Vijana wa magenge wamekata watu mikono Kisauni, wamevamia maduka saa za magharibi, wamewafanya watu wazima wafunge milango jua halijazama. Anayekatwa ni jirani yangu, na aghalabu jina lake ni kama la anayemkata. Mama yule ana haki ya polisi anayemkamata mwenye panga. Msako unaozoa 14 stejini, mmoja wao amepakata birika la kahawa, haumletei polisi huyo. Unamlaza seli muuza kahawa na kumwacha mwenye panga vichochoroni.

Basi tufanye nini jioni hii? Katiba, ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 ikaeleza namna. Ombi lako waweza kuliandika kwa Kiswahili. Sheria yenyewe imetaja Kiswahili. Ofisi ina siku 21 kukujibu. Na habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Mama ambaye mwanawe amechukuliwa na gari lisilo na namba, mwambieni: saa 48. Ukinyimwa au wakikaa kimya, malalamiko yanakwenda kwa Ombudsman.

Mimi nimeandika barua yangu. Nimeuliza kuhusu mwaka mmoja tu na eneo moja tu la huku ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Waliokamatwa walikuwa wangapi kila mwezi, kwa kosa gani, saa ngapi, mtaa gani? Wangapi walifikishwa kortini ndani ya saa 24 kama katiba inavyotaka? Wangapi waliachiliwa bila kushtakiwa? Na kama fomu ya kituo ina mahali pa kuandika dini au kabila, nimeomba jumla yake, bila jina la mtu yeyote. Nimeambatanisha ukurasa wa sensa, ili yule atakayejibu ajue namba ya chini ninayo.

Nilienda kuipeleka mwenyewe. Karani aliisoma yote, akanitazama, akaisoma tena, kisha akagonga muhuri kwenye nakala yangu. Leo ni siku ya 9.